Mlango Ulikuwa Umefungwa

Dada Hanan,

Assalaam aleikum. Natumai huko Hola hamjambo wote. Sisi tumerudi jana kutoka kile kisiwa cha mtoni karibu na Kau, tulikokodi nyumba ya makuti kwa siku nne. Pale hakuna mpishi, unajipikia mwenyewe. Nilibeba mchele, nazi na mkaa, samaki tukanunua kwa wavuvi. Ndege ni wengi ajabu. Ilham alihesabu korongo mpaka hesabu ikamwishia.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa sote watatu mtoni tukiosha vyombo. Kiboko akatoka kwenye matete, karibu yetu kabisa. Rashad akakimbia. Nikambeba mtoto nikamfuata mume wangu. Nilipofika mlangoni, alikuwa ameshatia komeo.

"Rashad, fungua. Ni sisi."

Nilimsikia akihema ndani. Hakufungua, dada. Nikazunguka nyuma, nikampitisha Ilham kwenye dirisha la jiko, nami nikapanda juu ya pipa la maji. Kiboko akapita zake, akarudi mtoni.

Rashad alipotoka alisema, "Mwanamize, sijui nilipatwa na nini. Usimwambie mtu."

Hatujagombana. Leo mtoto amemuuliza, "Baba, mbona hukutufungulia?" Akainama, akavaa viatu, akatoka.

Ijumaa nitakuja na Ilham. Sijui tutakaa siku ngapi. Mama akiuliza, mwambie nimekukumbuka tu.

Mdogo wako,
Mwanamize