Orodha ya Waliohudhuria Kokwet

Kedowa,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Chamgei, Mama. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti lako limetulia tangu dada Judy akupeleke kliniki. Msalimie Judy na kichanga chake. Sijui kama ameanza kulala au bado anaikeshesha nyumba nzima. Huku sisi tu wazima. Mvua ya mawe ilipiga chai yetu ya upande wa chini wiki mbili zilizopita, majani yakawa kama yamepitiwa na panga, lakini ya juu imepona na wachumaji wamerudi. Yule ng'ombe wako wa madoa amezaa ndama jike, na ananyonya vizuri.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa, na jikoni kwa Judy hapakosi majirani. Haya ninayotaka kukuambia ni ya kusoma peke yako, umekaa. Barua ataileta Mwalimu Mkuu wetu, Bosire, ambaye hupitia hapo Chepilat akienda kwao. Mpe chai, lakini tafadhali usimhoji. Anajua yote, na ataona haya kukuambia.

Umeniuliza mara mbili kwa nini mimi na kaka yangu Kimeli hatuzungumzi, na mara mbili nimekudanganya kwamba kazi zimemwelemea. Leo nakuambia ukweli.

Mwaka huu nilipewa Gredi ya Nane, niwafundishe Masomo ya Jamii. Tulipofika kwenye utawala wa mashinani watoto walianza kusinzia. Mtu anaandika kwamba demokrasia ni utawala wa watu, anafunga daftari, anaangalia dirishani. Nikaona nitawapoteza. Nikawaambia tusukume madawati ukutani, tukae mviringo, tufanye kokwet, kile kikao cha majirani wa mtaa wetu cha kuamua mambo ya mipaka na ng'ombe walioingia shamba la mtu. Wakamchagua Kipsang awe mwenyekiti, kwa sababu, walisema, yeye hakasiriki. Wakachagua katibu wa kuandika kila neno. Wakajiwekea sheria kwamba aliyesema mara moja hasemi tena mpaka aliye kimya aulizwe kwanza kama ana neno.

Mama, ungewaona! Wiki ya pili walimwita Mwalimu Mkuu aje aeleze kwa nini tangi la maji la upande wa wasichana lina kufuli. Bosire alikuja akicheka, akafikiri ni mchezo, lakini alipotoka hapo hakuwa anacheka, na jioni ile kufuli ikatolewa. Watoto walitembea kwenda nyumbani kama watu walioshinda uchaguzi.

Habari zikamfikia Kimeli katika ofisi ya wadi. Akaja shuleni na viatu vyake vya ofisi, akakaa nyuma ya darasa kipindi kizima, akapiga makofi. Nilijivunia, sitakuficha. Kaka yangu ndiye aliyenibebea sanduku begani siku naingia chuo cha ualimu, tukatembea kutoka barabarani hadi getini bila yeye kulitua. Hiyo siku darasani nilitamani aone kwamba hakulibeba bure.

Baada ya kipindi aliniambia, "Rodah, kama ni kokwet, iwe kokwet. Usiwape watoto kitu nusu nusu. Wape shauri la kweli, alika wazazi, na kila anayekuja aandike jina, kitambulisho na sahihi, vile tunafanya sisi kwa mikutano yetu."

Shauri la kweli alilitaja mwenyewe: kile kiwanja cha josho la zamani la ng'ombe kando ya barabara, chenye chemchemi pale chini ambapo kina mama wengi bado wanateka maji. Alisema kuna tajiri anayekiomba ajenge kituo cha mafuta, na kwamba watoto wakilijadili watajifunza jinsi wananchi wanavyoulizwa kabla ardhi yao haijatolewa. Nikaona ni wazo zuri sana. Nikamshukuru.

Siku ya mkutano wazazi walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wakajaza ukumbi. Mlangoni tuliweka daftari na wote wakaandika. Watoto walivuta vikaratasi kuamua nani atazungumza kwa niaba ya nani, na Wakonyo, binti ya Muturi mwenye duka la mbolea, akaangukia kuwa tajiri. Hakutaka. Kwao wenyewe wanateka maji pale pale. Lakini alisimama akajitahidi, akasema kwamba kituo cha mafuta kitaleta taa barabarani, na mama zetu wanaouza mboga hawatavuka tena gizani wakikimbizwa na malori. Alisema vizuri mpaka wazazi wakamshangilia. Kisha watoto wakapiga kura, na ishirini na tisa kati ya arobaini na mmoja wakakataa kiwanja kisitolewe. Wakonyo mwenyewe alikataa. Tukamaliza kwa maombi na soda.

Kimeli akaniomba daftari la majina pamoja na maandishi ya katibu, akisema atawaonyesha wakubwa wake ili shule nyingine ziige. Akanipa na karatasi moja nitie sahihi, ya kuthibitisha kwamba mkutano ulifanyika. Kengele ilikuwa imelia na darasa linaningoja. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama, juu ya mgongo wa kitabu, bila kusoma.

Miezi miwili ikapita. Ndipo likaitishwa baraza kwenye uwanja wa soko, na watu wakaambiwa lile jambo la kiwanja limekamilika. Nilienda na watoto kadhaa, nikifikiri watajifunza. Afisa aliyetumwa alifungua faili, akasoma kwamba wananchi walikutana, walijadiliana, na wakakubali kwa kauli moja. Kisha akasoma maneno ya mwakilishi mmoja wa wananchi, kuhusu taa barabarani na mama wanaouza mboga na malori.

Wakonyo akasimama. Hakuna aliyemwita. Alisema, na sauti yake ilisikika, "Hayo maneno ni yangu. Nilisema nikiigiza tajiri, huko shule. Na tulipiga kura, tukakataa."

Watu wakageuka. Wengine wakacheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba huyo si ni binti wa Muturi, watu wa kuja, anajua nini juu ya ardhi ya hapa. Na Mama, huyo mtoto alizaliwa hapa Kedowa, na baba yake pia. Afisa akanyoosha mkono watu wanyamaze. Akanitafuta kwa macho, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, sahihi yako iko hapa. Ni kweli anavyosema mtoto?"

Kimeli alikuwa amekaa mezani kando ya afisa. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Aliniangalia tu vile alivyokuwa akiniangalia tukiwa wadogo, nikitaka kumshtaki kwa Baba.

Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Hilo ndilo nililosema. Wakonyo alinitazama kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya, halafu akakaa. Baraza likaendelea na mambo ya barabara.

Nilirudi nyumbani nikajiambia ni kwa ajili ya familia. Nikamtetea Kimeli moyoni: pengine faili limechanganywa na wengine, pengine hata yeye hajui. Nikala, nikasahihisha vitabu, nikalala. Ndiyo, nililala.

Jumatatu nilipoingia darasani nikakuta madawati yako ukutani na viti viko mviringo, na kiti kimoja kimewekwa katikati. Kipsang akaniambia kwa upole, "Mwalimu, samahani, leo hatuna somo. Tuna kokwet, na shauri ni wewe." Ningeweza kuwafukuza. Nilikaa. Wakaniuliza swali moja tu, kama nakumbuka. Nikasema nakumbuka kila kitu. Hakuna aliyenitukana. Mmoja mmoja walisema waliyokuwa nayo, na mtoto mmoja akasema kwamba nyumbani kwao babake alimwambia haya mambo ya kura ni ya kudanganya watu, naye alikuwa ameanza kumbishia, sasa hana la kumjibu. Kipsang akamuuliza Wakonyo kama ana neno, kwa sababu sheria inasema aliye kimya aulizwe. Wakonyo akasema hana. Wakaamua kwamba niende kusema mahali pale niliponyamaza.

Kwanza nilienda kwa Kimeli. Nilimkuta akikata nyasi za ng'ombe, na hakuacha kukata. Hakukana hata kidogo. Aliniambia mikutano yao ya kweli huja watu watatu, mmoja wao mlevi, na mimi nimepata sitini kwa siku moja. Kwa hivyo alitumia kilichokuwepo. Alisema kituo kitajengwa tu, tutake tusitake, na afadhali kijengwe akiwa upande wa wanaojenga, maana ameahidiwa kazi ya kukisimamia.

"Ni karatasi, Rodah," akasema. "Watu wanakunywa maji, hawanywi karatasi."

Nikamwambia kwamba maji yenyewe ndiyo yanayouzwa. Ndipo akasimama wima, akanikumbusha kwamba sahihi ni yangu, na kwamba tukianguka tutaanguka wawili, naye angalau ana marafiki. Ndugu yangu wa tumbo moja, Mama. Nilielewa wakati huo kwamba hakuja darasani kwangu kunipigia makofi. Alikuja kupima ukumbi.

Hata hivyo, nitakuambia ukweli wote, nilipotoka hapo bado nilikuwa nikitafuta njia ya kumwokoa. Nilifikiri nitasema mimi ndiye niliyekosea, nilichanganya karatasi, yaishe. Nikaenda mjini Kericho, kwenye ofisi inayoshughulikia mambo hayo, nikaomba kuona faili ambalo lina sahihi yangu. Karani wa pale, mama mmoja anayeitwa Nyamwange, alinipa kiti na akaniachia nisome bila haraka.

Ukurasa wa kura ulikuwa umetolewa, na mwingine umewekwa. Hilo nililitarajia. Kisha nikapitia orodha ya waliohudhuria. Wazazi wetu walikuwa sitini na mbili. Orodha ilikuwa na watu tisini na nane, na hao wa nyongeza walikuwa wameandikwa kwa mkono mmoja, wa Kimeli, ninaoujua tangu alipokuwa akiandika majina yetu kwenye daftari za shule ya msingi.

Namba sabini na moja ni Baba.

Jina lake kamili, Joel Chepyegon, na nambari ya kitambulisho chake. Baba ambaye mwezi wa nane atatimiza miaka minne tangu tumzike. Unakumbuka tulimwachia Kimeli kile kitambulisho akirudishe serikalini, na akatuambia amekirudisha. Na kando ya jina kuna sahihi. Ameiiga vizuri, Mama, hata ule mkia mrefu Baba aliokuwa akiuvuta chini. Amekaa mahali, amejifunza sahihi ya baba yetu mpaka ikakubali, ili Baba atoke kaburini akubali kutoa chemchemi aliyoijengea mawe kwa mikono yake.

Sikulia. Nilimwomba Nyamwange karatasi, nikaandika taarifa yangu papo hapo, kurasa tatu. Nikaandika kwamba nilitia sahihi bila kusoma. Nikaandika kwamba nilidanganya mbele ya baraza na kumwacha mtoto aitwe mwongo. Nikaandika nani aliyelichukua daftari, na mkono wa nani umeongeza majina. Jumatano iliyopita afisa alirudi uwanjani akaniruhusu niseme, nami nikasema, na nikamwomba Wakonyo radhi mbele ya wote. Muturi alikuja kunishika mkono. Wakonyo hakuja. Darasani ananijibu ninapomuuliza swali, basi.

Ombi la kiwanja limesimamishwa. Kimeli ameambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi uishe, na mimi naweza kuitwa na tume ya walimu wakati wowote. Mke wake alinipita kanisani leo kama anayepita mti.

Sasa nimefika kwa lile lililonifanya niandike. Waliponiuliza kama ninaweza kuthibitisha kwamba Baba alifariki kabla ya mkutano ule, nikawaambia cheti cha kifo kipo, na kwamba kiko kwako, ndani ya sanduku ulilohama nalo. Nilisema mimi. Watakuja Chepilat Alhamisi, watu wawili, kwa adabu, wakuombe hicho cheti na wakuonyeshe ile sahihi. Bila hicho cheti, Kimeli anasema ni Chepyegon mwingine, na wapo wanaotaka kumwamini. Bila shaka yeye atakuja kabla yao. Nadhani atakuja na mtoto wake mdogo, yule unayempenda. Atakuomba ukitafute na usikione.

Mimi sikuambii useme nini. Yeye ni mtoto wako wa kwanza, na mimi ndiye niliyekuweka kati yetu bila kukuuliza, baada ya mwaka mzima wa kuwafundisha watoto wa watu kwamba mtu huulizwa kwanza. Kwa hilo naomba unisamehe. Kwa hilo la taarifa siombi.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo, na wale kina mama wa ushirika wako. Meza dawa ya goti baada ya chakula, si kabla. Mungu awalinde.

Ni mimi binti yako,
Rodah