Muhuri wa Mfereji

Uswidi, 13 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia na Mama hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya huku sina maneno nayo. Jua linatoka nikiwa darasani, nikimaliza vipindi limeshaondoka.

Baba, nina kazi ya kukutuma. Masomo manne niliyosoma huku lazima chuo chetu hapo Arusha kiyatambue, yaani yahesabiwe kama nimeyasomea hapo. Kila somo lina krediti zake. Zisipokubaliwa kufikia tarehe 31, narudia muhula mzima, na Novemba wenzangu wanahitimu bila mimi. Ningekuja mwenyewe, lakini nina vipindi na mafunzo ya vitendo huku hadi mwisho wa Februari. Karatasi zote nimemtumia Irine wa steshenari pale Kaloleni, atakuchapia. Mpelekee Dokta Ephraimu, mkuu wa idara yetu, mkononi kwake.

Mwanao,
Anande

Nduruma, 17 Januari 2025

Binti yangu Anande,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, kimebaki cha asubuhi tu. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi mbili. Naandika kwa mkono na Irine ataipiga picha akutumie, maana kwenye simu mimi husahau nusu ya niliyotaka kusema.

Karatasi nilizifikisha jana. Sasa nijibu maswali yangu. Hiyo krediti ni kitu gani hasa? Irine anasema ni uzito wa somo. Haya, nani aliupima? Mwalimu akiwa mvivu, uzito unapungua? Sisi huku zamu ya maji ni kuanzia alfajiri hadi saa sita, na shamba likilowa kila mtu analiona. Hayo yaliyoingia kichwani mwako huko Uswidi, Dokta anayaonaje naye amekaa Arusha? Nimelifikiria hili hata nikipalilia vitunguu, na mama yako amechoka kuulizwa.

Kitu kimoja kilinishangaza. Karatasi zako zilikuwa tupu, hazina muhuri hata mmoja. Chuo kikubwa namna hiyo kinakosaje muhuri? Mimi ni katibu wa kamati ya mfereji mwaka wa tisa huu, na sijaona karatasi isiyo na muhuri ikapokelewa ofisi yoyote. Nikajua watakurudishia. Bahati nzuri muhuri wa kamati nilikuwa nao kwenye mfuko wa koti. Nikagonga kila ukurasa na kusaini pembeni. Zilipendeza, mwanangu.

Baba yako,
Elimringi

Uswidi, 19 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Pole na kikohozi. Soksi navaa tatu, mwambie Mama.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Baba, chuo cha huku hakina muhuri. Chini ya kila ukurasa kuna namba, na mtu yeyote akiiandika kwenye mtandao anaona kama karatasi ni ya kweli. Ukigonga muhuri mwingine juu yake inaonekana imechezewa. Tafadhali nenda ukazichukue kabla Dokta hajafungua bahasha. Irine akuchapie nyingine, na hizo uziache kama zilivyo.

Kuhusu krediti, huku wanahesabu kila saa ya kazi, hata nilizokaa maktaba peke yangu. Kwetu wanahesabu zaidi saa za mwalimu darasani. Ndiyo maana Dokta anatakiwa asome maelezo ya kila somo na kuyalinganisha. Kichwani mwangu haoni, Baba. Anaamini karatasi.

Mwanao,
Anande

Nduruma, 29 Januari 2025

Anande,

Hapa nyumbani wote wazima, na wewe natumaini hujambo.

Nilichelewa. Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa na Dokta hakutaka kuniona. Leo nimeingia bila kuitwa, nikautoa muhuri mfukoni nikaugonga kwenye karatasi nyeupe mezani kwake, nikamwambia mtu mnayemtafuta ni mimi. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaingiza zile namba zako kwenye kompyuta, zikasoma vizuri. Krediti za masomo yote manne amezipitisha.

Kisha akanionyesha barua yako ya tarehe 22. Walikuuliza nani aligonga muhuri, ukajibu hujui, labda ni watu wa steshenari. Sikujua nitazame wapi. Akaniuliza kama ulikuwa na habari kwamba ni mimi. Nikasema hapana, barua zangu huchelewa kukufikia. Umri huu, nimesema uongo ofisini kwa mtu.

Irine walimwita chuoni Jumatatu wakamhoji kama mtu wa kughushi vyeti. Alifunga duka siku nzima. Barua yako ya tarehe 19 ilikuwa kwenye kompyuta yake, angeweza kuwaonyesha akamaliza maneno. Hakuionyesha. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ile ilikuwa barua yangu, si yake.

Mimi sina hasira na wewe, nina huzuni. Nilitaka nijue ulichokuwa unafikiria.

Baba yako

Uswidi, 30 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Umeuliza nilichokuwa nafikiria. Niliona aibu. Niliwaza wenzangu wakisimuliana darasani kwamba baba yake Anande aligonga muhuri wa mfereji kwenye karatasi za Uswidi, nikaandika jina la kwanza lililonijia. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza.

Asubuhi nimemwandikia Dokta ukweli wote, kwamba nilijua tangu tarehe 19, na kwamba wewe ulinikinga. Nisamehe kwa kukutaja. Nimemwambia akizifuta krediti sitakata rufaa. Amejibu mchana. Krediti zinabaki, maana kazi niliifanya kweli, ila barua yangu ya uongo inakaa kwenye faili langu. Ijumaa ijayo anakuja Nduruma kuuona mfereji, anasema ana maswali mengi. Mpokee.

Irine, najua wewe ndiye unayeichapa hii, na unaisoma kabla ya Baba. Usiikunje kwanza. Hapo juu nimesema ni jina la kwanza lililonijia, si kweli. Nilikutaja wewe kwa sababu nilijua huna mtu wa kukusemea pale chuoni. Nimekukosea, dada. Ukitaka kuipeleka kwa Dokta, ipeleke. Hii ni barua yako pia.

Anande