RAM ya Sauti ya Kwanza

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kompyuta imezima tena katikati ya wimbo wa tatu. Uzinduzi wa video ya kwaya ni Jumapili ya tarehe 16, na mhariri mkuu — mimi, Ndeshi, mshahara wangu baraka — nimekaa natazama kioo cheusi. Nimemweleza mwenyekiti wetu, Nathanaeli: RAM, vile vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta, haitoshi. Nahitaji mbili pacha, za pakiti moja, zinazovumilia ku-overclock, yaani kulazimishwa zikimbie kuliko kawaida yake. Nimemwandikia mpaka aina. Ameitikia kwa kichwa, taratibu, kama daktari. Hajaelewa kitu.

Jumatano, 5 Juni
Kikao cha kwaya. Nilisema mbili. Kikao kimepitisha nne! Kwa nini? Kwa sababu sauti ziko nne. Wakinunua besi na tenor peke yao, kutakuwa na manung'uniko. Kwa hiyo kila sauti itanunua yake, popote itakapoona panafaa. Nikanyoosha mkono: jamani, lazima zifanane. Nathanaeli akasema hata sisi hatufanani, mbona tunaimba pamoja? Makofi. Haya, amina.

Jumapili, 9 Juni
Zimeletwa mbele ya madhabahu, kwenye sahani ya sadaka, kweli kabisa! Besi na tenor wamenunua duka moja, aina moja, pacha. Hawakukusudia, walifuata punguzo. Alto wenzangu wameleta ya laptop. Ya laptop! Hiyo haiingii hata kwa mfungo na maombi. Sauti ya kwanza wameleta ya sokoni Ngaramtoni, haina jina, ina taa za waridi zinazocheza disko. Aliyeichagua ni kiongozi wao. Kiongozi wao ni mama mkwe wangu.

Huyu mama ana miaka ananiuliza nitatafuta kazi lini. Leo baada ya ibada kanishika mkono. Eti muuzaji wa RAM alimfafanulia kuhariri video ni nini, na kumbe ni kazi ngumu. "Nisamehe, mwanangu." Mwanangu! Siku zote mimi ni "mke wa Rodrick". Nimelia kwenye gari. Ovyo kabisa, lakini nimelia.

Jumanne, 11 Juni
Nimezipima. Pacha za besi na tenor zinakimbia bila kosa hata moja, na baridi hii ya Juni inazisaidia. Nikiongeza ya mama mkwe — kioo cha bluu, kompyuta imegoma. Nikaiweka peke yake, mwendo wa kawaida: makosa mpaka nikachoka kusoma. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Nikaiombea. Mimi huyu, ninayewacheka wanaoombea mashine! Bado.

Nimeitoa. Rodrick anasema nimwambie mama ukweli. Mwambie wewe, si mama yako? Ghafla akakumbuka kuna mtu anamsubiri Kimandolu.

Jumamosi, 15 Juni
Video imekamilika, nyimbo zote nane. Ningekuwa nafurahi. Asubuhi hodi — mama mkwe na sauti ya kwanza nzima, na hotpoti ya ndizi, wamekuja kuona yao inavyochapa kazi. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nikafungua mdomo niseme, Mungu ni shahidi. Mama alikuwa anawaambia wenzake, "Mkwe wangu huyu ni fundi, haya mambo hata wanaume yanawashinda." Nikaishia kuwavutia viti.

Akachungulia ndani ya kompyuta. "Yetu ni ipi?"

Nikaonyesha ya besi.

"Mbona taa zimekuwa nyekundu?"

Nikasema ikifanya kazi sana hubadilika. Bwana asifiwe, wakaitikia wote! Wakaipiga picha. Mama akairusha kwenye grupu la kwaya — grupu lenye besi wote, na simu zao hazikauki mkononi.

Niko jikoni, natafuta vikombe vilivyo mbele yangu. Sebuleni wanaimba. Nathanaeli ameshajibu kwenye grupu: "Mama, hiyo si ndiyo yetu sisi besi?"

Wimbo umekatika.