Wageni Kutoka Meru

Jumapili, 6 Julai 2025

Baba kakubali niolewe na Murithi! Baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi. Mchumba wangu wa kwanza, Derick, alimkataa kwa kuwa Mchaga, si Mmeru kama sisi. Loserian wa Ngaramtoni akamkataa kwa kuwa Mwarusha — mtu anayeamka kila asubuhi akautazama Mlima Meru huu huu tunaoutazama sisi. Murithi hajawahi kuuona. Ila anatoka Meru, ile ya Kenya, na kwa baba hiyo inatosha. Nimemweleza kuwa ni Meru nyingine, kabila lingine, lugha nyingine. Kasema Wameru ni Wameru, walipoteana njiani tu. Nina miaka thelathini na mbili na nampenda Murithi. Nibishe ili iweje?

Jumatano, 16 Julai

Baba anatangazia Nkoaranga nzima kwamba ndugu zetu wanarudi. Mama kauliza, na Hospitali ya Mount Meru nayo ni shemeji yetu? Baba kasema hataki utani. Siku ya posa atakaa na ba'mdogo Efraimu. Ba'mdogo ni polisi. Ameshaomba ruhusa kazini.

Ijumaa, 25 Julai

Murithi kapiga simu. Wazee wake wanafunga mizigo: sukari, blanketi la mama, fungu la miraa la baba. Miraa! Eti kwao posa bila hilo fungu si posa, ni matembezi. Nikamwambia huku ndiyo mirungi, na ukikamatwa nayo ni jela. Akacheka. Kasema atawaambia wazee waiache. Naogopa. Nimesali mara mbili.

Jumamosi, 26 Julai

Wamefika. Niko chumbani, ndiyo desturi, mpaka niitwe niulizwe kama nawafahamu wageni. Mlango nimeuacha wazi kidogo.

Baba kawasalimia kwa Kimeru. Nao wakajibu kwa Kimeru, cha kwao. Sasa wote wako kwenye Kiswahili na wanacheka kupita kiasi.

Wamelileta lile fungu! Limefungwa kwa majani ya mgomba. Shangazi yake Murithi anasimulia alivyolikalia kuanzia mpakani Namanga, lisisumbuliwe. Murithi kainamisha kichwa. Baba na migomba yake — kalipokea kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Anasema oneni, hata kufunga wanafunga kama sisi.

Fundo limemshinda. Kampa ba'mdogo afungue.

Kalifungua. Ba'mdogo kauliza kwa upole, kwenu hii mnaiitaje? Wazee wamejibu wote kwa pamoja, kwa fahari.

Kiti kimesogezwa. Ba'mdogo ananiita, kwa sauti ya kazini.

"Anneth! Njoo hapa. Hawa watu unawafahamu?"