Mawe ya Bibi Harusi

Nasolo, Kadavu
Jumatatu baada ya ibada ya mavuno

Kwa wifi yangu Torika,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ukizisoma umesimama utasahau sufuria jikoni kama kawaida yako. Goti lako linaendeleaje? Watoto wote wazima? Na kaka yangu, ambaye mila hainiruhusu kumsemesha ana kwa ana, mwambie dada yake anamheshimu, na mengine yote utamfikishia wewe mwenye mdomo. Mume wangu Semesa hajambo, majimbi yamekubali. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza, nikaichana, nikaenda kufagia ua uliokwisha fagiwa, nikarudi.

Nianze na kujisifu, nikiwa bado na nguvu. Vasiti amemaliza kazi yake ya chuo! Mimi niliyeishia darasa la sita nimezaa mtu anayesoma damu za samaki. Walimu wake wa Suva, na mmoja mzungu mwenye ndevu, walisimama kumpigia makofi. Nilikuwepo, nilivaa lile gauni la bluu, nikapiga makofi kuliko wote mpaka mlinzi akanitazama.

Kazi yenyewe unaijua, kwa kuwa alikuja kwenu Vunikura ukamcheka kwamba anakata samaki kucha. Ni juu ya yule mdogo wa mawe, asiyezidi kidole. Jina lake ni la aibu, silitaji kwako, utacheka nami nitaona haya. Ndiye samaki wa ukoo wa mume wangu, hatumli, na hayupo popote duniani ila kwenye ghuba yetu na yenu. Vasiti humkata kipande cha pezi, kidogo kuliko punje ya mchele, humrudisha majini, halafu kwenye mashine za Suva anaona mama yake nani na bibi yake nani.

Sasa wifi, unakumbuka kwenye matanga ya mama nilisimama jikoni kwako, mbele ya wanawake wote, nikasema samaki wenu ni watoro wa Nasolo waliopotea njia. Ukanijibu kwamba basi niwaambie walipe kodi ya nyumba, wamekaa bure siku nyingi. Tulicheka, lakini mimi niliamini. Na huku nimelisema hilo kisimani, kanisani, kwenye kusuka mikeka. Mwanangu alipoleta habari kwamba anakuja kusema matokeo mbele ya chifu wetu, Ratu Peceli, nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wavae vizuri, siku hiyo dunia itajua samaki ametoka chini ya mawe ya Nasolo tangu kuumbwa.

Wakaja wote. Yaqona ikanywewa, bakuli kwa bakuli. Mimi nimekaa karibu na mlango, shingo ndefu kama ya korongo.

Vasiti alianza na lililotuuma sote. Alisema tangu kile kimbunga kilichoivuruga ghuba yetu, waliobaki humo ni wachache, na hao wachache ni ndugu tupu. Kaka anaoa dada, mayai yanaoza kabla ya kutotoa. Tukiwaacha hivi, watoto wa Vasiti watamjua samaki wa ukoo wao kwa picha. Semesa aliinamisha kichwa, sikuwahi kumwona hivyo tangu alipomzika baba yake. Ratu akauliza dawa ni nini. Vasiti akajibu kuwa dawa ni damu mpya, na damu hiyo iko Vunikura peke yake.

Hapo pakawaka. Binamu yake Semesa, yule mwenye kicheko cha mbuzi, akasema kwa nini shina liombe kwa tawi. Vasiti, kwa sauti ya adabu lakini bila kupepesa, akasema, samahani baba zangu, shina ni Vunikura. Sisi ndio tawi. Kisha binamu akapasua kicheko, akasema msichana huyu si vasu tu, mtoto wa dada wa kwenda kujichukulia vitu kwa wajomba zake, sasa anawapelekea na vya kwetu.

Mwanangu hakukasirika. Akawaeleza kwamba samaki huyu hawezi kuvuka bahari, hata mayai yake hayaelei, hugandishwa kwenye jiwe, na baba mtu huyalinda. Tena hakuja mara moja. Amekuja kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu, akaniuliza, mama, yale mawe uliyokanyaga siku ya harusi yako yalikwenda wapi?

Unajua yalikwenda wapi. Kila msichana wa Vunikura aliyeolewa hapa aliletwa na mawe ya ghuba ya kwao ndani ya chungu cha maji ya bahari, akayakanyaga mlangoni ili asiingie kama mgeni, kisha yakatupwa kwenye ghuba ya mumewe ili asirudi nayo. Sisi ndio tuliowaleta, wifi. Na siku hizi wasichana wenu wanaolewa Suva na viatu virefu, hakuna anayekanyaga jiwe.

Ratu Peceli akasema kumbe samaki wetu naye ni vasu, ana wajomba, na mtoto haoni haya kula kwa wajomba zake. Akaagiza jino la nyangumi litolewe, wazee waje nalo kwenu kuposa. Wakauliza nani atatanguliza ombi. Wote wakanitazama mimi. Ratu akasema aliyejigamba ndiye aandike.

Basi ndiyo haya ninayoyaandika. Mwambie kaka kwamba watu wa Nasolo wanakuja kuposa, na bibi harusi hayupo, tunaomba mawe tu, yenye mayai. Mwambie dada yake alisema uongo jikoni kwako, na samaki hawadaiwi kodi.

Na wewe nikuombe jambo moja. Yale mawe yangu uliyachagua wewe. Ulinichagulia mabaya, yenye matundu na magamba ya chaza, yakanikata mguu, ukasema mwenye maringo yanamtosha. Vasiti anasema waliookoka kile kimbunga, karibu wote, ni wa uzao wa mwisho kuletwa, na wa mwisho kuyakanyaga mawe nilikuwa mimi.

Chagua mabaya tena, wifi.

Nisalimie kila aliye chini ya paa lako, na goti ulikande kwa mafuta ya nazi.

Ni mimi wifi yako, mama yake Vasiti,
Kelera