Chumba cha Joto na Bandeji ya Goti

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko huu maana naandika nimesimama kwenye kibanda changu cha kuchonga funguo, mashine bado ya moto, na kila mteja akija naificha karatasi chini ya sinia la vyuma kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Nina miaka arobaini na nne, na miezi mitano iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume, dada yake yuko chuoni na mimi nilishagawa nguo zote za watoto nikidhani nimestaafu, tukambandika jina la Bosi kwa sababu ndivyo alivyoingia nyumbani. Kabla ya mimba nilikuwa nakwenda yoga ya joto mara nne kwa wiki, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, wanawasha hita nne na kufunga mlango saa nzima joto lisitoroke, na usinicheke mshauri, umbo langu nalijua, kwenye pozi la mti mimi ni mti ulioangukia uzio wa jirani, lakini mgongo wangu wa kuinamia mashine ulikuwa umepona.

Bosi alipofikisha miezi mitatu nikarudi. Siku ya kwanza tumelala kifudifudi, maziwa yakatoka yakalowesha mkeka wangu mpaka wa jirani, binti wa watu akaninong'oneza, "Mama, chupa yako imemwagika," nikamjibu, "Samahani mwanangu, kifuniko kibovu." Tangu siku hiyo, siku za yoga sinywi maji kuanzia asubuhi ili maziwa yasitoke, na kifuani najifunga bandeji ya mpira ya mume wangu, ile anayofungia goti akienda kucheza kandanda na wazee wenzake, naikaza mpaka napumua kwa mafungu.

Sasa mama mkwe, aliyekuja kunisaidia kulea, akanikuta nimerudi nimelowa jasho nataka kumnyonyesha mtoto, akasema, "We mwanamke, unataka kumuunguza mjukuu wangu? Hayo si yameshachemka humo ndani?" Nikacheka, lakini neno likaniingia, nikawa kila nikirudi nayakamua kwenye sinki la bafuni, halafu naketi mbele ya feni nipoe, Bosi analia chumba cha pili, nusu saa, saa nzima, na bibi yake namsikia akimbembeleza, "Tulia baba, tulia, mama yako bado anapoa."

Sasa maziwa hayaji. Najikamua napata matone ya kulowesha kidole. Mwezi uliopita kliniki Bosi alikuwa kilo sita na gramu mia mbili, wiki hii kilo tano na mia tisa, nesi akachora nukta kwenye kadi, chini ya ile nyingine, akaniuliza, "Mama, unakula? Unakunywa maji? Unalala? Na wewe mwenyewe unaendeleaje?" nikajibu, "Vizuri," yote manne kwa neno moja, nikambeba mwanangu nikatoka, na siku mbili baadaye nilikuwa kwenye mkeka tena.

Utaniuliza kwa nini siachi. Mume wangu naye aliuliza, "Mke wangu, hiyo yoga ina dawa gani?" nikamwambia ni mgongo, lakini mgongo siku hizi hauumi hivyo, ukweli ni kwamba kule ndani kila mtu anatiririka jasho uso mzima na mimi naweza kulia saa nzima hakuna anayejua, maana tangu nijifungue nalia na sijui nalilia nini, nyumbani nachekesha watu, kibandani nachekesha wateja, pa kulia ni pale tu, na siku nyingine mwalimu akishika kitasa mwisho wa kipindi natamani asifungue, asifungue kabisa, mambo yaishie humo humo. Mimi ninayewafungulia watu milango yao.

Niambie tu, niache yoga au nimwachishe mtoto ziwa?

Mama Bosi, fundi funguo

MSHAURI ANAJIBU

Mama Bosi,

Kwenye mti na uzio nilicheka kwa sauti. Nikafika chini ya barua nikaona aibu. Una ufundi wako wewe: unamchekesha mtu ili asikutazame usoni. Kwangu umekwama, maana barua mimi nasoma mara mbili.

Tuanze na mama mkwe, mpe heshima yake na umsahihishe. Maziwa hayachemki kifuani. Hata ukitoka unachuruzika jasho, jifute, kunywa maji, mpe mtoto. Ulichokuwa unamwaga kwenye sinki kilikuwa chakula cha mwanao, kizima kabisa, naye analia chumba cha pili. Hapo nakugombeza, na ugombezeke. Mtu mzima, una binti chuoni, unajifunga goti kifuani? Bandeji inabana, kiu inakukausha, na mtoto akikosa kunyonya kwa wakati mwili nao unadhani kazi imekwisha. Irudishe leo kwenye goti la mwenyewe.

Ziwa usimwachishe, mpaka nesi akushauri. Chumba cha joto kiache kwa sasa, mpaka uzito wa Bosi upande na daktari akuruhusu. Mgongo unyooshe sebuleni, dirisha wazi, chupa ya maji pembeni, na yakivuja yavuje, huo mkeka ni wako.

Lakini mdogo wangu, hukuniandikia kwa sababu ya joto. Kulia miezi mitano bila kujua unalilia nini, na kutamani mlango usifunguliwe, huo ni ugonjwa. Unawapata wanawake wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Hukuuleta kwa uvivu wala kwa kukosa shukrani. Sitakudanganya kwamba wiki ijayo utaamka mwepesi. Nakwambia tu kwamba hutakiwi kuubeba peke yako kwa kuuficha ndani ya jasho la watu wengine.

Ukisoma gazeti hili, kibanda usifungue. Mpe mume wako ukurasa huu ausome wote, mpaka pale kwenye kitasa. Akuulize akitaka, au anyamaze, lakini akupeleke kliniki wewe na mtoto leo. Tarehe iliyo kwenye kadi usiingoje, mtoto anayepungua hangoji tarehe. Na lile wazo la mlango likikujia tena, usikae nalo peke yako hata dakika tano: mshike mtu mkono, nenda hospitali moja kwa moja.

Najua ukifika mbele ya nesi utasema "vizuri". Kwa hiyo maneno nimekuandikia mimi. Wewe kukata ndiyo kazi yako. Chukua mkasi, kata hapa chini, mpe mkononi, na usiongeze kichekesho hata kimoja:

"Nesi, siku ile nilikudanganya. Siendelei vizuri. Nalia tangu nijifungue, na kuna siku sitaki kuwepo. Naomba umpime mtoto, halafu unisikilize na mimi."