Mishipa ya Wizi

3 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Na ule uvimbe wa saratani utumboni? Mimi nimenona kwa furaha! Wiki ya sita ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unaruka. Mume wangu hurudi kutoka maabara ananuka dawa, nami naona ni manukato.

Jana nilimwuliza kuhusu dripu yako mpya. Akanichorea kwenye bahasha: uvimbe ukikosa chakula hutoa kemikali za kuiita mishipa ya damu iliyo jirani, nayo huchipua matawi kwenda kuulisha. Dripu inazinasa kemikali hizo njiani. Wito haufiki, uvimbe unashinda njaa. Nilimbusu hapo hapo! Usikose hata dripu moja, Baba. Nataka uzeeke utusumbue.

Mwanao, Kipenga

20 Machi

Kipenga wangu,

Marahaba. Miguu ipo, nami nipo. Mwambie mumeo, huyo Bwana Hadubini, nimemwelewa. Miaka thelathini ya ufundi bomba, nimewakamata wangapi waliojiunganishia maji kwa wizi? Kumbe uvimbe nao mwizi wa aina hiyo. Tutamkatia!

Nimejikata ugokoni nikiwa kazini, kidogo tu. Daktari simwambii, asije akanizuia kazi.

Baba yako

16 Juni

Kipenga,

Hujambo, mama? Kimya changu nisamehe. Kidonda kile kilikataa kufunga, wiki tatu kinanicheka. Nikajua ni dripu inayokiharibu, nikaziacha tatu mfululizo bila kumwambia mtu. Na kweli, kimefunga! Ngozi laini kama ya mtoto. Fundi ni fundi! Ila tumbo limejaa, chakula kinanishinda.

Baba yako

22 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, nacheka. Mume wangu akaweka kijiko chini. “Kidonda nacho hufunga kwa kuita mishipa mipya,” akasema. “Wito ni ule ule. Ukiuachia upite kwenda mguuni, unafika na kwa uvimbe.” Nenda hospitali leo, Baba. Sema yote.

Kipenga

2 Julai

Mwanangu,

Nimekwenda, nimesema yote. Daktari hakunigombeza, na hapo ndipo nilipojua. Uvimbe umekua, na ini nalo limejaa vimbe. Dripu haitanifaa tena. Usimlaumu mumeo kwa kunieleza. Mimi nilielewa nusu. Nilimjua mwizi, sikujua kwamba yeye na mwenye nyumba wanakunywa kwenye bomba moja.

Mwandiko huu ni wa jirani. Mimi nasema nimelala kitandani, yeye anaandika.

Baba

8 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali. Tumepata ruhusa kazini sote wawili. Jumamosi asubuhi tutakuwa mlangoni kwako. Mume wangu hataki kula, anasema alipaswa kukueleza na habari ya vidonda. Nimemwambia utamtania tu mpaka acheke. Mtanie, Baba. Nami nitakulisha kwa kijiko, nikusimulie ndoa yangu mpaka uniambie ninyamaze.

Barua hii usiijibu. Nisubiri tu.

Kipenga wako